Walimrudisha mlangoni juu ya nywele

Watu wangu wa Kisumu na Nakuru, leo nina uchungu na furaha pamoja, mnivumilie. Wiki mbili zilizopita mama mmoja mweusi, Mmarekani, rika ya mama yangu, alipanda basi mbili kuja maabara yetu hapa Ohio. Alikuwa amejiandikisha kushiriki utafiti, akafika nusu saa mapema, amevaa kama mtu anaenda kanisa. Kijana wa zamu akamwangalia kichwa, akaona braidi, akamwambia pole mama, haiwezekani. Basi. Akarudi zake. Mimi nilikuwa ndani naosha kofia za watu wa asubuhi, nikasikia tu mlango ukifungwa.

Na kitu inaniuma zaidi, ule mstari kwenye tangazo, ule wa kusema wenye braidi na weave (nywele za kushonea) wasije, ni mimi nilikuwa nauweka. Niliukuta kwa matangazo ya zamani nikawa naunakili kila mwezi, miezi 8, na mimi mwenyewe niko na matuta kichwani.

Wacha niwaeleze kazi yenyewe, juu nyumbani wanadhani niko hospitali. Ni maabara ya chuo, tunachunguza venye ubongo unaelewa lugha. Mtu anavaa kofia ya EEG, yaani ya kupima umeme wa ubongo, yenye elektrodi 64 (vidude vya kunasa huo umeme), kila moja lazima ipate ngozi ya kichwa, unatia jeli na sirinji butu hadi ukinzani, yaani kile kinazuia umeme kupita, ushuke. Umeme wa ubongo ni kidogo mno, unapimwa kwa sehemu za milioni za volti, kwa hivyo nywele nene ikiinua kofia unapata kelele tupu. Hans Berger, daktari Mjerumani, ndiye alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, na mpaka leo kofia nyingi zinashonwa kama nywele zote duniani ni laini na zimelala.

Alafu mtu akishavaa anasoma sentensi, neno moja moja kwa skrini. Ukimwandikia nilikula ugali na omena, ubongo unapita tu. Ukimwandikia nilikula ugali na viatu, kama milisekunde 400 baada ya hilo neno kuna wimbi linashuka, linaitwa N400. Marta Kutas na Steven Hillyard waliligundua San Diego, wakalichapisha 1980. Mara ya kwanza kuliona na macho yangu niliangalia ile skrini hadi machozi yakanitoka, juu nilikuwa nafikiria babu.

Babu alipata kiharusi nikiwa mwaka wa pili Maseno. Mzee alikuwa ameuza samaki Kibuye miaka mingi, Kiswahili chake hakuna mtu angekishinda sokoni. Akaamka Kiswahili kimeenda. Dholuo ikabaki, ya kukatika katika lakini ipo. Nesi aliyekuwa zamu hakujua Dholuo, akaandika mgonjwa haongei. Babu alikuwa anaongea! Anaomba maji! Hiyo siku ndio nilijua nataka kusoma nini.

Sasa unafika huku, unakuta utafiti mwingi unataka mtu wa Kiingereza peke yake, mkono wa kulia, asiwe amekua na lugha nyingine. Naelewa sababu, wanataka watu wafanane ndio tofauti ndogo ionekane. Lakini mtoto wa Nyalenda anaamka na Dholuo, anatumwa dukani kwa Kiswahili, anafundishwa hesabu kwa Kiingereza, na anabadilisha bila kufikiri. Huyo kichwa chake ndio hawataki? Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba sayansi ya tabia imejengwa juu ya watu wa nchi tajiri za magharibi alafu inasemwa ni binadamu wote. Miaka inapita na mimi na babu bado hatuingii kwa hiyo fomu.

Usiku ule sikulala. Nikasoma, nikapata kwamba 2020 watafiti wa Carnegie Mellon, Pittsburgh, walionyesha elektrodi za kukaa katikati ya matuta, nywele ikisukwa kufuata pale elektrodi inafaa kukaa. Nikasimama katikati ya chumba. Matuta! Mimi nimelelewa saluni ya anti huko Kondele, Kisumu, tangu darasa la sita nashika kichanio, Jumamosi nasuka vichwa vitano kabla ya saa kumi. Huku ukisukwa braidi ni dola 220, ya Kondele mnaijua.

Jumatatu nikamwendea profesa, mikono inatetemeka, nikamwambia nipe kichwa kimoja nikuonyeshe. Nilitegemea aniambie data itaharibika. Akanyamaza, akasema ule mstari ulipaswa kutolewa kitambo, ni kosa lake. Alafu akaniambia masaa yote ya kusuka niyaandike kwa taimshiti kama kazi ya utafiti. Sijawahi kulipwa kama mwanasayansi kwa kitu nilifunzwa na anti.

Wale mnaoniuliza inboksi mtakujaje, kwanza jueni pesa. Mimi napata dola 3,100 kwa mwezi kabla ya ushuru. Najua mmeshapiga hesabu mkaona laki nne, lakini nyumba ni 1,150, bado bima, bado chakula, na baridi inataka koti. Mkataba ni mwaka mmoja mmoja. Nafasi nyingi za kazi ya maabara kama yangu hutangazwa mwanzo wa mwaka, uanze Juni ama Julai. Ukimaliza masomo kwa visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, unaweza kuomba OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani uliyosomea, ya miezi 12, na ukipitisha siku 90 kwa jumla bila kazi imeisha. Miezi 24 ya kuongeza ni ya digrii za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), kwa hivyo kabla hujalipa ada uliza digrii imesajiliwa vipi, usisikie tu jina la kozi. Jifunze R ama Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, ukiwa bado nyumbani. Na mtu akikwambia ufanye bure mwaka mzima upate jina, kataa.

Nilimpigia yule mama nikaomba msamaha. Alinyamaza sana. Akauliza, nani atanisuka? Nikasema mimi. Jumamosi akaja na nywele amefumua, nikamwekea anti kwa WhatsApp karibu na kioo, Kisumu ni usiku na hajalala. "Mstari wa katikati usiupinde, mwanangu, hapo juu uwache nafasi," na hapo juu ndipo elektrodi ya utosini inakaa, anti hajawahi kuona hiyo ramani. Saa moja na nusu. Nikavalisha kofia, nikatia jeli, elektrodi 64, nikaangalia ukinzani ukishuka mmoja baada ya mwingine hadi zote zikawa kijani. N400 yake ilitoka safi.

Anti akauliza huyo mama ni wa nani. Nikatafsiri. Mama akacheka, akampungia mkono.

Ule mstari nimeufuta. Alhamisi tuna watu wanne, wawili wana braidi, vichanio nimenunua.