Dakika tano za Mwalimu

Tangu tumzike Mwalimu, pole ninazopewa ni za aina moja. Mtu ananishika mkono, anauliza marehemu alikuwa na umri gani, nikimwambia 87 naona kabisa uso unalegea. "Ah, huyo alikula chumvi nyingi. Mungu ashukuriwe." Kisha linakuja swali la pili: alikuwa baba yako? Hapana. Baba mkwe? Mjomba? Hapana, alikuwa rafiki yangu. Hapo mazungumzo hukatika, kwa sababu rafiki aliyekuzidi miaka arobaini na ushee watu hawajui wamweke fungu gani.

Kushukuru nashukuru, tena sana. Ninachokataa ni hii hesabu kwamba miaka ikiwa mingi basi pengo linakuwa dogo. Yesu alijua fika kwamba dakika chache baadaye Lazaro angetoka kaburini kwa miguu yake, na bado alilia. Paulo naye alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini. Mimi matumaini ninayo. Na machozi ninayo.

Tulijuana kanisani kwa sababu ya macho yake. Alikuwa na glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho. Aina aliyokuwa nayo haina kelele. Haiumi, inaanza kula uoni pembeni kidogokidogo, na mwenyewe anadhani anaona sawasawa mpaka siku anapogonga nguzo iliyokuwa ubavuni mwake. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukishakufa, haufufuki. Dawa kazi yake ni kushusha presha ili kilichobaki kisiondoke haraka. Mwalimu alikuwa amebakiwa na kitundu katikati. Alikuona uso, lakini aliyeketi pembeni yako hakumwona.

Jumapili moja aliniomba nimnong'oneze maneno ya wimbo, mstari mmoja mbele ya waimbaji. Ibada ilipokwisha akanigeukia: "Binti, asante. Ubeti wa tatu umeusoma taratibu, nikapata nafasi ya kuvuta pumzi." Nilikuwa nimezoea kushukuriwa, kama watu wote, kwa lile "asante" la kupita. Hili lilinisimamisha, kwa sababu mtu huyu alikuwa ametazama nilichofanya.

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na binti yake aliyekuwa akiishi naye alifanya kazi ya zamu. Jioni asipokuwepo nikawa napita mimi kumwekea matone. Dawa zilikuwa mbili, kichupa cha kifuniko cha manjano na cha zambarau. Unavuta kope la chini kwa kidole, unadondosha tone moja kwenye kile kimfuko kinachofunguka, naye anafumba jicho bila kulikaza. Kisha anabana pembe ya jicho upande wa pua, ili dawa isiteremkie kooni. Halafu mnasubiri dakika tano kabla ya dawa ya pili, la sivyo ya pili itaisukuma ya kwanza itoke. Ukimtazama mzee amekaa hivyo, kichwa nyuma, vidole viwili vimebana pua, utadhani anajiandaa kupiga mbizi.

Urafiki wetu, kwa sehemu kubwa, ulijengwa ndani ya dakika hizo tano.

Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote ya kazi, na alikuwa na sheria moja aliyoihamisha kutoka ubaoni hadi kwenye maombi: onyesha njia. Jibu bila njia, alisema, ni nusu ya maksi hata kama ni sahihi. Kwa hiyo tulipokaa kusubiri, kila mmoja alimshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo, na "asante kwa yote" ilikuwa marufuku. Siku za mwanzo nilisema, "Nashukuru kwa uzima." Akajibu akiwa amefumba macho, "Uzima upi? Umefanya nao nini tangu asubuhi?"

Yeye zake zilikuwa hivi. Alishukuru kwa mtoto wa jirani aliyekuwa akihesabu ngazi kwa sauti, na ambaye siku hiyo hakuruka nane. Alishukuru kwa fundi aliyefika saa ileile aliyoahidi. Jino lililohamishia maumivu upande asiotafunia nalo lilipata shukrani yake. Na mara kwa mara alimshukuru Mungu kwa marehemu mkewe, aliyemsukuma kushika zaburi kwa kichwa wakati macho yakiwa bado mazima. "Nilidhani ananisumbua," alisema. "Kumbe alikuwa ananiwekea akiba."

Zilikuwepo pia jioni za kusema, "Leo sina." Hakujilazimisha, wala mimi sikumsaidia kutafuta. Tulingoja dakika zetu, nikaweka tone la pili, akasema kesho tutajaribu tena. Nawaheshimu watu wenye shukrani midomoni saa zote, lakini imani yangu ilikua zaidi jioni hizo kuliko zile nyingine, maana alimwambia Mungu "leo sina" kwa sauti ileile aliyomwambia "asante".

Biblia aliisoma kama daftari la mwanafunzi anayempenda. Yule nabii mke, Ana, aliyemwona mtoto Yesu hekaluni, alimfurahisha kwa sababu Luka ametoa tarakimu: miaka 7 na mumewe, kisha mjane, kisha 84. Lakini 84 ya nini? Ni umri wake, au ni miaka ya ujane? Maneno yanaweza kubeba maana zote mbili. "Haya, chukua ya pili," aliniambia. "Tuseme aliolewa na miaka 14. Ongeza 7, ongeza 84." Mia moja na tano. "Na alikuwa haondoki hekaluni, usiku na mchana, kwa kufunga na kuomba! Nani kakwambia mtu wa 105 hana kazi?" Wakati huo naye alikuwa akiwaombea kwa majina wanafunzi wake wa zamani, wengine wakiwa wajukuu wameshawapata.

Mwalimu alimhurumia Lazaro. Maskini, amekufa, amelala kaburini siku nne, amerudishwa, na sura inayofuata makuhani wakuu wanapanga kumwua tena. Kilichomkera ni kwamba Yohana hakuandika hata neno moja alilosema Lazaro. Mtu katoka huko, ameketi chakulani, na hakuna aliyemuuliza kulikuwaje? "Darasa zima halina mwenye swali," alinung'unika. "Haiwezekani."

Alifariki alfajiri, usingizini, baada ya kifua kumsumbua siku chache. Binti yake alinipigia kabla ya kuwapigia baadhi ya ndugu, jambo ambalo sitalisahau. Ndiye pia aliyewaambia wasimamizi wa mazishi kwamba nami nitasema neno, ingawa katika orodha ya wazungumzaji hapakuwa na nafasi ya rafiki. Nikasimama kati ya msemaji wa ukoo na mchungaji.

Nilimshukuru Mungu huku nikionyesha njia. Kwa ubeti wa tatu. Kwa jioni niliyofika nimegombana na mwenye nyumba wangu, akanisikiliza mpaka dakika tano zikawa ishirini, kisha akauliza kwa upole kama tone la pili nimelisamehe. Kwa mkono wake uliotetemeka juu ya kichwa changu akiniombea, nami nikifarijika kwa kule kutetemeka kuliko maneno. Nilipotaja Ana na miaka yake 105, benchi la walimu wenzake wa zamani lilicheka. Inaonekana nao walishapigishwa hesabu hiyo.

Swali la Lazaro ameondoka nalo. Naamini sasa anaweza kumuuliza mwenyewe, ana kwa ana, macho yote mawili yakiona hadi pembeni. Na ninavyomjua, akijibiwa tu kwamba kulikuwa kuzuri, hataridhika. Atataka njia.