Siku moja na Celica iliyoliwa na kutu

Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa nimeshafungua gereji yetu hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Mimi ni fundi wa bodi za magari, huu mwaka wa kumi na sita. Wapita njia wakiona nyundo na moto wa kuchomelea hudhani kazi yetu ni kuziba matundu na kupaka rangi. Ndiyo maana naandika.

Gari la siku hiyo lilikuwa Toyota Celica ya 1988 iliyokaa Mombasa miaka mingi, chumvi ya bahari ikaila kutoka chini. Mlango wa dereva ulikuwa haufungi mpaka uunyanyue kwa mikono miwili. Kijana aliyeinunua anataka kushindana nayo kwenye autokrosi, mbio za uwanja wa vumbi ambapo unapigana na saa. Babake alimlea kwa habari za 1994, Mkenya Ian Duncan aliposhinda Safari Rally kwa Celica. Ile ilikuwa na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, na ilisukumwa na magurudumu yote manne. Hii ni ya magurudumu ya mbele tu, injini ya lita mbili, haina tabo. Lakini jina ni lilelile, na moyo wa kijana naujua.

Kufikia saa nne tulikuwa tumetoa viti, zulia, tangi la mafuta na betri. Hapo ndipo mwenyewe akafika.

"Fundi, mbona umeivua hivi? Si ungepiga fila tu?"

Fila ni ile pasti ya kusawazisha mabonde kabla ya rangi. Nikamwambia achuchumae karibu nami. Nikagonga ukingo wa chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Upande wa mbele chuma kililia vizuri. Nilipokaribia gurudumu la nyuma sauti ikafa, kama unagonga katoni. Nikaweka sumaku, ikaanguka: fundi aliyetangulia alijaza fila juu ya uozo akapaka rangi. Nikageuza bisibisi nikaisukuma kwa kidole gumba tu. Ikazama hadi mpini, kutu ikamwagika mchangani kama majani ya chai.

"Bosi, mkono unaoshikilia gurudumu la nyuma umefungwa kwenye bodi papa hapa. Ukikata kona kwa kasi, fila itaushika?"

Akanyamaza. Kisha akanionyesha mabomba aliyokuja nayo kwa mkokoteni, ya kutengenezea keji ya kumkinga gari likibingiria. Aliuziwa bei rahisi na mtu wa grili za madirisha. Nikaingiza kidole ndani ya bomba, nikaugusa mshono. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba lisilo na mshono, na ule upinde mkuu nyuma ya dereva uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Haya yake hayakufika hata milimita moja na nusu.

Tulibishana karibu saa nzima. Kwamba autokrosi si rali. Kwamba pesa zimeisha. Kwamba fundi mwingine angekubali. Sikupandisha sauti, ila nilimwambia wazi kuwa mabomba yale sitayachomelea, hata akiongeza pesa. Tukatafuta pa kupunguza: rangi ingoje, springi zibaki za zamani, shokabsoba tutafute za mtumba Kirinyaga Road. Mkokoteni ukarudi na mabomba yake. Nilibaki nimechoka kuliko ningeshinda nikipiga nyundo.

Nikala githeri nimesimama. Tukachomelea nondo kukingama nafasi ya mlango ili bodi isilegee tukikata uozo, tukainyanyua na jeki mpaka mistari ikalingana. Grinda ikaanza kukata, stima ikapotea.

Tulikata viraka kwa mkasi wa mabati, chuma cha geji 18, huku tukingoja. Ilirudi jioni, sijui saa ngapi, jua lilikuwa limeshavuka mabati ya jirani. Nikalala chali chini ya gari. Unachomelea sentimita mbili, unaruka upande wa pili, unarudi, kwa sababu ukikaza moto mahali pamoja chuma kinajipinda. Cheche ziliniingia kwenye kola, na huwezi kutikisika, mstari utaharibika. Msaidizi wangu alikuwa ndani na kitambaa kibichi, akiangalia moto usishike. Shingo ikaniuma, macho yakawasha, kiraka cha mwisho nikakirudia mara mbili.

Giza lilikuwa limeingia tulipopaka praima ya zinki, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Tukakata nondo, tukashusha jeki polepole. Msaidizi wangu akausukuma mlango wa dereva kwa kidole kimoja. Ukafunga. Akaufungua, akausukuma tena, na tena, na mimi sikumkataza.