Mtu akitoka kazini Nizwa huenda wapi

Juzi usiku, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumekaa ukumbini kwa bibi yangu hapa Wete, lundo la karafuu mbichi likiwa katikati yetu, kila mmoja akichambua kishada chake, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Nimerudi Pemba kwa likizo ya mwezi mmoja, na kwa bahati njema likizo imeangukia msimu wa karafuu. Mjomba wangu, ambaye safari yake ya mbali kabisa ilikuwa ya Tanga, aliniuliza bila ya kuinua macho: "Mwanangu, huko jangwani kwenu, mtu akitoka kazini huenda wapi?" Nikamjibu kwamba aghalabu huenda mferejini. Mikono ikasimama, watu wakanitazama, nami nikaanza kueleza, lakini usingizi uliwashinda wasikilizaji kabla sijafika hata kwenye ngome. Kwa hiyo nayaandika hapa yaliyosalia, kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wetu wanaojiandaa kwenda Omani wakiwa na picha ya mchanga na ngamia tu.

Mji ninaoishi, mwaka wa saba sasa, ni Nizwa. Uko ndani, nyuma ya milima ya Hajar, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari kutoka Maskati, na jangwa lake si la mchanga bali ni la mawe, changarawe na majabali ya rangi ya kahawia ambayo wakati wa magharibi hugeuka kuwa kama makaa. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 kwa siku nyingi mfululizo. Nafanya kazi ya kuhesabu na kutunza mali katika ghala la tende, na mwaka wangu wa kwanza niliumaliza kama wanavyoumaliza wengi wetu: kazini, chumbani, kwenye simu, kulala. Siku moja ya Ijumaa nilitoka kwa sababu umeme wa nyumba tuliyopanga ulikatika, nikafuata sauti ya maji.

Maji yale yalikuwa ya Falaj Daris, mmoja wa mifereji mikubwa ya Omani. Falaji ni mfereji unaochimbwa kutoka kwenye kisima mama chini ya mlima, ukapita chini ya ardhi kwa mteremko mdogo sana mpaka ukatokeza juani karibu na mashamba, bila ya pampu wala injini, kwa nguvu ya mteremko peke yake. Nchi nzima ina mifereji ya namna hii ipatayo 3,000 ambayo bado inatumika, na mitano kati yake, Daris ukiwamo, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Pale Daris pamejengwa bustani, na jioni familia hutandika mikeka chini ya miti, watoto wakatumbukiza miguu, wazee wakakaa kimya. Maji ni maangavu hata unawaona visamaki wadogo wakikusogelea vidoleni.

Mimi niliyelelewa mahali ambapo mvua ya masika hukuzuia kutoka nyumbani siku tatu, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maji yanaweza kugawiwa kwa saa. Huko yanagawiwa. Kwanza hutengwa mahali pa kuteka maji ya kunywa, kisha msikiti, kisha pa kuogea, halafu ndipo mitende, na mazao ya msimu huja mwisho. Fungu la maji huitwa athar, nalo ni kiasi cha nusu saa. Mtu hurithi athar zake kwa baba, huziuza, huzikodisha, na nyingine huwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti. Katika kijiji kimoja nje ya mji nilioneshwa nguzo iliyosimikwa uwanjani na alama za mawe chini yake: kivuli kikifika kwenye alama yako, unaziba mlango wa jirani kwa jiwe na kitambaa, unafungua wako. Usiku, kabla ya saa za mkononi, walitazama nyota. Mzee aliyenionesha alisema baba yake alimfundisha majina ya nyota hizo kabla ya kumfundisha kusoma. Tangu siku ile mimi hufunga bomba kwa adabu zaidi, hata hapa Wete, na bibi ameliona hilo.

Ngome ya Nizwa nayo ina maji ndani yake, maana mnara ule mkubwa wa duara una visima vyake, ili waliozingirwa wasife kwa kiu. Aliyeujenga ni Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na inasemwa kwamba kazi ilichukua miaka 12. Sehemu ya chini ya mnara imejazwa udongo na mawe matupu, ili mizinga isiweze kuubomoa. Ngazi za kupandia hupinda ghafla, kila pindo lina mlango mzito, na juu ya mlango pana tundu ambalo kwalo askari walimmwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Mimi nilisimama muda mrefu zaidi katika chumba cha kuhifadhia tende, ambacho sakafu yake ina matuta na mifereji myembamba: magunia yalipangwa juu kwa juu, uzito wake ukaikamua asali, ikatiririka hadi kwenye mtungi. Ni kazi yangu ya kila siku, imechongwa sakafuni karne tatu na nusu zilizopita.

Hapo ndipo nilipounganisha jambo ambalo skuli nilikuwa nimelikariri tu. Mtoto wa imamu huyo, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu mwaka 1696 hadi ilipoanguka mwaka 1698, na baada ya hapo utawala wa Wareno katika mwambao huu wa kwetu ukavunjika. Ukisimama juu ya mnara wa Nizwa, ukaona bahari ya mitende kila upande na milima mitupu nyuma yake, unajiuliza watu hawa waliopimiana maji kwa kivuli walikuja kuhisi nini waliposhuka jahazini na kuiona Pemba. Waarabu walikiita kisiwa chetu Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Naamini jina lile lilitoka moyoni.

Soko la wanyama la Ijumaa sitalieleza sana, kwa kuwa kila mgeni hulipiga picha: mbuzi na ng'ombe huzungushwa kwenye duara tangu asubuhi mapema, wanunuzi wakisimama ndani na nje, bei zikitajwa kwa sauti, na kabla ya sala ya Ijumaa kila kitu kimekwisha.

Milima ndiyo iliyonibadilisha. Karibu na Nizwa kuna Jabal Akhdar, mlima wa kijani, ambao juu yake kuna baridi ya kuvaa sweta huku bondeni watu wakiungua, na ambako mwezi wa Aprili wanavuna mawaridi kwa kuyachuma alfajiri, kisha wanayapika katika vyungu vilivyofunikwa ili mvuke ugande na kuwa marashi. Kisiwa cha kijani na mlima wa kijani; nimeishi katika vyote viwili. Kuna pia kijiji cha Misfat al Abriyeen, ambacho nyumba zake za udongo zimeng'ang'ania jabali, na njia yake ya miguu hufuata ukingo wa falaji katikati ya migomba, milimau na mitende. Kwa Mpemba hiyo ndiyo njia ya kuanzia. Kivuli ni kingi, maji yanaimba pembeni, na ile harufu ya majani mabichi ya mgomba ilinifanya nikae kitako juu ya ukuta wa mfereji hadi nilipopata nguvu ya kuendelea.

Njia ngumu ni ile ya Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Omani, unaozidi mita 3,000. Inaanzia katika kijiji cha Al Khateem na kufuata ukingo wa bonde hadi kwenye kijiji kilichohamwa, ambacho kuta zake bado zimesimama chini ya mwamba ulioinama kama paa. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo ambalo kina chake kinakaribia mita 1,000. Njia imewekewa alama za rangi juu ya mawe, njano, nyeupe na nyekundu, na mtu asiyeziona kwa dakika kumi anapaswa kurudi nyuma alikotoka. Mara ya kwanza nilikwenda mwisho wa Aprili na chupa moja ya maji, na wakati wa kurudi macho yaliniingia giza, ikanilazimu kukaa kivulini kwa muda mrefu kabla ya miguu kunirudia. Nawaomba sana vijana wetu: nendeni kati ya Oktoba na Machi, ondokeni mapema, chukueni lita tatu kila mtu, na msiende peke yenu. Mbuzi wa kule, niongeze hili, hufungua mikoba kwa meno, kwa hiyo mkate usiwekwe juu.

Ukishuka mlimani unakuwa na njaa, na hapa ndipo ninapotaka kumtaja mzee mmoja bila ya kulitaja jina lake. Anaendesha mkahawa mdogo wa meza sita pembezoni mwa mji. Alizaliwa Wete, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964 akiwa kijana mdogo, na Kiswahili chake ni kile cha bibi yangu, chenye maneno ambayo wadogo zangu hawayajui tena. Siku nilipoingia mara ya kwanza nilisikia mtu jikoni akisema, "Mchuzi huu haujakolea," nikasimama mlangoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, wa wapi wewe?" Nilipomjibu, alivua aproni, akaketi.

Kwake kuna mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, chapati, mishkaki, na siku ya Alhamisi urojo. Nazi zake zinatoka Salalah, mji wa kusini ya Omani ambako minazi inaota, naye hukuna mwenyewe kwa mbuzi, kwa sababu anasema tui la kopo halina harufu. Mishkaki, kwa hakika, imeenea Omani nzima, na jioni moshi wake umejaa kando ya barabara. Lakini bajia zile za ndani ya urojo, zikiwa bado na ukali wa ndimu na embe bichi, sijazikuta kwingine Nizwa. Baada ya chakula huja kahawa katika dele na sahani ya halua. Halua ya Nizwa hupikwa katika sufuria kubwa la shaba kwa wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na marashi, ikisongwa kwa mwiko saa mbili na zaidi bila ya kupumzika, mpaka ichuje samli. Hakuna mtu wa Wete anayehitaji kuelezwa hayo.

Nilipomuaga kabla ya likizo, ami alinituma jambo moja: nikaangalie kama ule mkungu uliokuwa karibu na nyumba yao, njia ya kuteremkia bandarini, bado upo. Nilikwenda jana asubuhi. Shina la kale limekatwa, lakini kutoka kisikini limechipua tawi nene kama paja, na chini yake mama mmoja anakaanga maandazi. Nilipiga picha tatu. Kisha nilimnunulia ami chupa ndogo ya mafuta ya makonyo, yaliyopikwa kwa mvuke kama yale marashi ya mlimani, nikaifunga ndani ya kikoi.

Halua niliyoileta mimi, bibi aliionja kwa ncha ya kidole, akafumba macho. "Marashi yamezidi," alisema, akachota tena.