Chaneli ya mtengeneza gemu: ninavyorekodi, ninavyopakia na ninavyopata wajaribu

Natengeneza gemu za simu peke yangu hapa Dodoma kwa kutumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, na chaneli ya YouTube naihesabu kuwa sehemu ya kazi hiyo hiyo. Video zilianza kutazamwa hadi mwisho nilipoacha kuonyesha msimbo. Mchezaji anataka kuona kitu kibovu kikitengemaa.

Kwa hiyo video moja hubeba tatizo moja. Mfano: bajaji inapinduka ikikata kona ya Soko la Majengo. Sekunde 5 za mwanzo, bajaji inapinduka. Salamu hakuna, nembo hakuna. Sentensi inayofuata inasema sababu: tairi la mbele ni moja na kitovu cha uzito kiko juu. Halafu naonyesha majaribio mawili yaliyoshindwa, kwa sababu hapo ndipo watu hukaa, kisha lile lililokubali. Dakika 6 hadi 8 zinatosha. Ukichomeka tatizo la pili, mstari wa utazamaji kwenye YouTube Studio, ukurasa wa takwimu za chaneli, huporomoka pale la kwanza linapomalizika, maana mtu kashapata alichokuja kukiona.

Picha za gemu narekodi siku ileile hitilafu inapotokea. Ukishairekebisha, kuirudisha ili uirekodi ni kazi maradufu. Natumia OBS, programu ya bure ya kurekodi skrini, na naihifadhi rekodi kwa aina ya faili la video iitwayo MKV, kamwe si MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, MP4 isiyofungwa vizuri mara nyingi haifunguki tena, ila MKV inabaki salama hadi sekunde ya mwisho iliyoandikwa. Baadaye OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora. Kompyuta ikiwa dhaifu, Godot 4 ina hali ya Movie Maker inayotoa fremu (picha tuli zinazounda video) moja moja, hivyo video inatoka laini hata kama gemu inakwama kwenye skrini. Lakini haiendi kwa kasi ya kawaida, kwa hiyo inafaa tukio linalojiendesha lenyewe, si kucheza kwa mkono. Tena faili lake la AVI lina kikomo cha GB 4. Gawanya vipande vifupi.

Sauti ndiyo inayofukuza watu kuliko picha. Nyumba zetu ni za bati: mvua ikinyesha, acha kabisa. Miezi ya upepo, Julai na Agosti, bati hulia mchana kutwa, basi narekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaamka. Simu naiweka shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, blanketi zito likiwa limetundikwa nyuma yangu na mbele yangu. Kilele cha sauti nakiacha kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa 0, yaani kikomo cha juu, inapasuka, na hata programu ya kurekebisha hairudishi yote.

Kupakia kunahitaji hesabu ya bando. YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080p yenye fremu 30. Megabiti 8 ni MB 1, kwa hiyo hizo ni MB 60 kwa dakika, yaani video ya dakika 8 ni kama MB 480. Kwa 720p ni megabiti 5, karibu MB 300. Napakia kwa kifurushi cha usiku, video ikiwa ya faragha, halafu naipangia saa ya kutoka kesho yake jioni. Ukiiachia palepale, watazamaji wa kwanza wanakuta picha ya ukungu, kwa kuwa ubora wa juu huchelewa kuchakatwa.

Picha ya jalada ni pikseli 1280 kwa 720, maneno yasizidi matatu, na kona ya chini kulia iwe tupu: muda wa video hukaa hapo na kufunika ulichoandika. Ipunguze iwe na upana wa kidole gumba. Kama bajaji haionekani kuwa bajaji, chora upya. Naongea Kiswahili, kisha naongeza kichwa na manukuu ya Kiingereza niliyoandika mwenyewe.

Fedha za matangazo zisikuhangaishe mapema. Kwa njia ya video ndefu unahitaji watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na saa za video fupi (Shorts) zinazotazamwa kwenye mkondo wake hazihesabiwi humo. Video fupi nazitoa kwa ajili ya kutambulisha gemu tu.

Faida kubwa iko kwingine. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, licha ya ada ya dola 25 inayolipwa mara moja, inadai wajaribu wasiopungua 12 wabaki kwenye majaribio ya gemu siku 14 mfululizo kabla gemu haijaruhusiwa kutoka. Ndugu na jamaa wanajiunga, wanajitoa siku ya tatu, hesabu inavunjika. Mtu aliyeandika maoni marefu kuhusu kona ya Majengo hajitoi. Wajaribu nawaomba mwishoni mwa video, kwa barua pepe wanayoitumia kwenye Play, na nachukua 20, kwa sababu wengine watabadilisha simu au kusahau. Kila baada ya siku 3 au 4 nawatumia toleo jipya lenye kitu walichokilalamikia, na malalamiko hayo ndiyo yanayonipa video inayofuata.