Pikipiki ya kwendea kazini haitunzwi kama bodaboda

Mtu akinunua pikipiki ndogo ya kwendea kazini hapa Mwanza, ushauri wa kwanza huupata kijiweni kwa vijana wa bodaboda, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa hakuna watu jijini wanaozifahamu Boxer, TVS na pikipiki za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125 kuwashinda wao. Watamwambia abadilishe oili lini, apake nini kwenye cheni, na fundi yupi anaaminika. Ninauheshimu sana ushauri huo. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kupanda na kushuka kati ya Mabatini ninakoishi na Bugando ninakofanya kazi, ninaamini kwamba sehemu yake kubwa haituhusu sisi wa safari fupi, kwa sababu pikipiki yetu na ya kijiweni, hata kama zimetoka duka moja siku moja, huzeeka kwa njia mbili tofauti.

Bodaboda huwashwa alfajiri na kulazwa usiku. Injini yake hupata joto kamili na kukaa nalo kutwa nzima, betri huchajiwa muda wote, petroli haipati nafasi ya kulala kwenye tangi, na kinachoimaliza ni wingi wa kilomita na uzito wa mizigo. Ya kwangu huwashwa asubuhi ikiwa baridi, hupanda mlima kabla haijapata moto wa kutosha, huzimwa dakika chache baadaye, kisha husimama hadi jioni. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na injini ikiwa bado ya baridi sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli ambayo haikuungua vizuri, hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Safari ndefu huikausha oili hiyo, kwani joto huyageuza maji kuwa mvuke tena na kuyatoa kupitia mpira wa kupumulia wa injini, lakini safari fupi huyaacha humo humo. Ndiyo sababu mwenye pikipiki ya aina hii, akifungua kifuniko cha oili wakati wa masika, anaweza kukuta utando mweupe umeganda kwa ndani, akadhani injini imeingiwa na maji ya mvua na kuanza kutafuta tundu ambalo halipo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kwamba oili ya pikipiki ya safari fupi ihesabiwe kwa miezi. Vitabu vya pikipiki hutoa kiwango cha kilomita, na mtu wa kijiweni hukifikia upesi, ilhali sisi tunaweza kukaa nusu mwaka tukiisubiri mita ifike huku oili ikiendelea kuharibika. Mimi hubadilisha kila miezi mitatu hata kama kilomita ni chache, na mvua zikizidi sisubiri mitatu iishe. Injini hizi hubeba oili ya takriban lita moja tu, na lita hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, jambo ambalo kwenye gari haliko hivyo. Kwa sababu pleti za klachi zimezama ndani ya oili, oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano inaweza kuzifanya ziteleze, na mlimani utasikia injini inanguruma bila pikipiki kuongeza mwendo. Kwenye chupa tafuteni maandishi JASO MA, ambayo ni alama ya oili iliyopimwa kwa ajili ya klachi ya namna hiyo. Injini zenye muundo wa CG125 hazina chujio la karatasi kama la gari. Zina wavu mdogo chini, na wavu huo ni wa kutolewa na kuoshwa, ingawa mafundi wengi huuruka wasipoambiwa.

Betri nayo ina hesabu yake. Stata ya umeme huchota umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha injini huhitaji muda wa kuurudisha, na safari ya kwangu haitoshi kuurudisha wote, hasa nikiwa nimewasha taa na kusimama kwenye foleni. Wengi hubadilisha betri kila mwaka wakiilaumu kwamba ni feki. Dawa yake ni nyepesi: asubuhi tumia kiki, na stata uiachie wakati ambapo injini imekwisha pata moto. Ukiazima mita kwa fundi umeme, betri iliyojaa na kupumzika inapaswa kuonyesha takriban volti 12.6 au zaidi kidogo, na injini ikizungushwa kwa kasi ya wastani ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda hivyo, tatizo liko kwenye mfumo wa kuchaji, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

Nikija kwenye cheni, naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu ndiyo inayoteseka kuliko yote katika jiji hili. Mwanza imejengwa juu ya mawe, na mawe hayo yanapomomonyoka hutoa mchanga mkavu wenye punje kali, ambao kila mvua inyeshapo huteremka kutoka vilimani na kutandazwa juu ya lami. Punje hizo zikinasa kwenye cheni iliyopakwa oili chafu, kama ilivyo desturi ya wengi, hugeuka msasa unaosaga pini na meno kwa kila mzunguko. Pikipiki ya bodaboda hukutana na mchanga huo huo, lakini cheni yake huzunguka kutwa na hutazamwa kila siku. Ya kwetu hupata mchanga, kisha hupata unyevu, kisha husimama na kuota kutu.

Fundi wangu wa Buzuruga ana utaratibu ambao ningependa kila mwenye pikipiki auone kwa macho. Huiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, huweka gia fri, kisha huzungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono huku kidole chake kikiwa chini ya cheni, akitafuta mahali inapokaza zaidi. "Dada, cheni haichakai sawasawa mzunguko wote," aliniambia mara ya kwanza, "ukipima inapolegea, ukakaza, ile sehemu iliyobana itakuja kula beringi." Akiipata sehemu hiyo ndipo husukuma cheni juu na chini katikati, kati ya sproketi mbili, yaani yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, na kuhakikisha inacheza milimita 20 hadi 30. Akirekebisha, huhesabu alama za kulia na kushoto ziwe sawa, kwa sababu gurudumu likikaa upande hula tairi na cheni kwa pamoja. Mwisho huishika cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta; ikiachana na meno kiasi cha kuonekana nusu ya jino, muda wake umekwisha. Meno yaliyopinda kama ndoana ni dalili hiyo hiyo, na hapo hubadilishwa vyote vitatu, yaani cheni na sproketi zake mbili, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani huchakaa mapema mno.

Kwa usafi, mimi hufuta cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, huikausha, hupaka oili ya gia namba 90 upande wa ndani huku nikizungusha gurudumu, kisha hufuta tena ile iliyobaki juu. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia kati ya pini na roli. Ya juu hukusanya mchanga tu. Vilevile, kama pikipiki yako ilikuja na kifuniko kamili cha cheni, tafadhali usikiondoe kwa ajili ya urembo. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, iliitengeneza kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbaya na matengenezo ni haba, na kifuniko cha cheni kilikuwa sehemu ya fikra hiyo.

Mlima nao una mambo yake. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bugando iko juu zaidi, kwa hiyo hewa tunayoipa injini ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na pikipiki ya cc 100 hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Pikipiki ya kabureta iliyotegeshwa pwani hupata petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo ikifika huku, na plagi yake ukiifungua utaikuta ina masizi meusi makavu badala ya rangi ya kahawia isiyokoza. Fundi anayejua kabureta atalirekebisha hilo haraka. Wakati wa kupanda, shusha gia mapema, usiilazimishe injini ivute ikiwa inatetemeka.

Wakati wa kuteremka ndipo ninapotaka kusema kwa mkazo. Wapo wanaozima injini na kuteremka fri ili kuokoa petroli, na wanapita hivyo penye watoto wa shule na akina mama wenye beseni za dagaa kichwani. Petroli inayookolewa ni ya thamani ndogo sana. Breki za pikipiki hizi kwa kawaida ni za dramu, na dramu ikipata joto kali hupoteza nguvu ya kushika, huku injini iliyozimwa ikiwa haisaidii kitu. Teremka na gia ya pili, injini izuie mwendo, na breki zibaki za kusimamia. Chini ya mteremko, baada ya mvua, kuna ule mchanga niliousema, na breki ya mbele ikikamatwa ghafla juu yake humwangusha hata mzoefu.

Jambo jingine linaloniuma ni kuoshea pikipiki ziwani na katika Mto Mirongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ufukweni, na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa kutoka ziwa hili hili, ikiwemo pale Capri Point. Hata kwa pikipiki yenyewe haina faida: maji yakiingia kwenye dramu na beringi za magurudumu huondoa grisi, na kutu huanza usiku huo. Ndoo moja na kitambaa nyumbani vinatosha.

Mengine nayapita haraka. Upepo wa tairi upimwe ukiwa wa baridi, takriban PSI 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma uongezwe ukibeba abiria. Bima na leseni viwe hai, na kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya kwenda dukani. Iwe na kioo, kwa kuwa wadudu wa ziwani wakija kwa wingi jioni hawakuachi uone.

Kilichobaki ni kuipa pikipiki ya ofisini kile inachokikosa, nacho ni safari ndefu. Jumamosi nikiwa na nafasi hutoka hadi Usagara, nikashika barabara ya Kigongo na kuvuka daraja lililofunguliwa mwaka 2025, mahali ambapo zamani tulikuwa tukisubiri kivuko, kisha nageuza nikiwa upande wa Busisi. Darajani upepo hupiga kutoka ubavuni na pikipiki ni nyepesi, hivyo napunguza mwendo na kukaa mbali na magari makubwa. Nikirudi na ikiwa zamu ya kubadilisha oili imefika, naimwaga papo hapo ikiwa bado ya moto, kwa sababu hutoka yote pamoja na uchafu unaoelea ndani yake. Oili chafu naikusanya kwenye dumu na kumpelekea fundi. Mtaroni siimwagi, kwa kuwa mifereji ya mtaani kwetu huishia Mirongo, na Mirongo huingia ziwani.