Ukoo wa soja na fitina zake

Mama anayeniuzia unga wa sosoma (mtama, soja na mahindi) pale Kadutu, Bukavu, aliniuliza ninasoma nini hasa. Nikamjibu: ukoo wa soja. Akacheka. "Papa, soja nayo ina ukoo?"

Inao, tena wenye fitina. Ukipanda kuelekea Kabare utauona mmea unaotambaa, majani matatu-matatu, maua meupe madogo, umejisokota kwenye ua wa watu. Zamani wataalamu waliuita Glycine wightii, yaani jenasi (kundi la spishi za karibu) moja na soja. Leo ni Neonotonia wightii. Kromosomu zake, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, ni 22 au 44, soja ina 40, na DNA nayo imethibitisha kwamba hapo hakuna undugu wa karibu.

Ndugu wa damu wako mbali. Glycine soja wa Asia Mashariki huzaana na soja kwa urahisi. Waliobaki, spishi zaidi ya 20 zinazoishi miaka mingi, wengi wako Australia, na huko macho hayatoshi kabisa kuwatofautisha. Glycine tomentella, sura ileile, huwa na kromosomu 38, 40, 78 au 80! Watafiti husoma kipande cha DNA kiitwacho ITS, kati ya jeni za ribosomu (viwanda vya protini vya seli), wakilinganisha herufi zake A, C, G na T moja baada ya nyingine. DNA ya zile zenye 78 na 80 huonyesha wazazi wawili tofauti.

Kinachonivuta mimi ni ugonjwa wa kutu, kuvu inayoshambulia majani ya soja. Baadhi ya tomentella huuhimili, ila kuzichanganya na soja ni kazi: kiinitete, yaani mmea mchanga ndani ya mbegu, lazima kiokolewe maabara. Mama yeye anauliza kama bei itashuka.