Ufunguo niliufungia kwenye pochi: nilivyolikagua gari langu baada ya kuzimika majini

Ilikuwa Aprili 2024, masika yale ya El Niño, mwezi uleule ambao Rufiji na Kibiti zilifunikwa na mafuriko, na huku Dar kila mtu akiamka anauliza kwanza kama Jangwani panapitika. Mimi wala sikupita Jangwani. Ingekuwa Jangwani ningeogopa. Kilichoniponza ni barabara ya ndani ya Mikocheni ninayoipita kila siku, ambayo mashimo yake nayajua moja moja. Mbele yangu kulikuwa na Noah. Ikapita. Nikajisemea, kama Noah imepita na mimi napita. Kwamba Noah imekaa juu kuliko IST yangu nilikumbuka maji yalipoanza kupiga mlango.

Gari lilikohoa mara mbili, likazima. Taa za dashibodi zikawaka zote kwa mkupuo. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, taratibu, bila hata kelele, yakanizunguka viatu.

Vijana walitokea kabla sijashusha kioo. Ukiishi Dar unaijua hiyo biashara: mvua ikikolea kuna watu kazi yao ni kusukuma magari, na bei hupanda na maji. "Elfu thelathini tunakutoa, mama." Tukaelewana kwa kumi na tano. Walinisukuma mpaka palipoinuka, mbele ya duka la Mangi, na mwenzao mmoja akaja amekumbatia pleti namba kama nne za magari tofauti, anauliza kama yangu imo. Ilikuwamo. Elfu mbili.

"Sasa piga stata, mama, hili linawaka."

Shemeji yangu naye kwenye simu: "Washa, kandamiza mafuta, maji yote yatatokea kwenye bomba la moshi."

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo. Nikaona nimpigie baba kwanza. Baba aliendesha malori ya njia ya Tunduma miaka mingi kabla hajatulia Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko kwenu inanyesha?"

Nikamweleza. Hakuuliza nimelowa kiasi gani.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye gari, baba."

"Chomoa. Tia kwenye pochi, funga zipu. Ukishafunga ndiyo tuendelee kuongea."

Sababu yake niliielewa vizuri kesho yake kwa fundi wangu wa Sinza, lakini niieleze hapahapa. Injini hubana hewa. Hewa inabanika, maji hayabaniki. IST yangu ni ya cc 1,500, silinda nne, maana yake kila silinda ina karibu cc 375, na pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama cc 40 tu. Hayo ni maji yasiyofika vijiko vitatu vya chakula. Yakiwemo ndani halafu ukapiga stata, pistoni inapanda, inakuta ukuta, na kinachokubali kupinda ni mkono wa pistoni. Hapo ndipo gari lililokuwa limelowa tu linageuka kuwa gari lililokufa injini. Kwa hiyo wale vijana hawakunitakia mabaya, ila ushauri wao ungenigharimu kuliko mafuriko yenyewe.

Gari lililala mbele ya duka la Mangi. Kabla sijaondoka nilifanya mambo mawili aliyoniagiza baba: nilimwomba Mangi spana namba 10 nikachomoa teminali hasi ya betri, na nikapiga picha mstari wa maji ulipofika, nje na ndani. Ule mstari ni ushahidi. Kesho yake tope lilikuwa limekauka na ungeweza kuufuata kwa kidole: nje umepita nusu ya tairi, ndani umepita juu kidogo ya kapeti, chini ya viti. Fundi aliuangalia huo kabla hajafungua boneti, kwa sababu ndio uliomwonyesha vitu gani vilizama na vipi vilipona.

Asubuhi nilikodi brekdauni, elfu sitini. Kama gari lako ni la otomatiki na linavuta kwa mbele kama hili langu, hakikisha wananyanyua magurudumu ya mbele. Wangu alitaka kulifunga kamba alikokote hivihivi, tukabishana pale dakika kumi.

Mafundi wa gereji moja ya jirani walikuwa wameshaniambia, bila kufungua hata boneti, kwamba injini imekwisha, nitafute nyingine ya Japani, milioni mbili na nusu na kuifunga juu yao. Mtu aliyelowa ni rahisi kumtisha.

Fundi wa Sinza alianza na eya klina. Alipofungua lile boksi, karatasi ya filta ilikuwa imelowa nusu ya chini, imelegea kama chapati iliyoangukia mchuzi, na chini ya boksi kulikuwa na maji ya kujaza kikombe cha kahawa. Akanyamaza. Hapo ndipo na mimi niliogopa kweli.

Akavuta kijiti cha oili. Rangi yake ilikuwa ileile nyeusi ya kawaida, na kipimo hakijapanda. Kama maji yangeingia, ingekuwa kama chai ya maziwa, au kipimo kingepanda juu ya alama. Hakuridhika. Akaingia chini ya gari na kuilegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, polepole, robo mzunguko, robo mzunguko, injini ikiwa baridi. "Maji ni mazito kuliko oili, dada. Kama yapo, yamelala chini, yatatangulia kutoka." Tulikodoa macho wote wawili kwenye lile tundu. Tone la kwanza likaning'inia, jeusi. La pili jeusi. Akaifungua yote oili ikamwagika, na hatukuirudisha.

Kisha akafungua koili nne na plagi nne, akazipanga kwenye boneti kwa mpangilio wake. Tatu zilikuwa kavu. Plagi ya silinda ya pili ilikuwa na unyevu wa kung'aa kwenye ncha. Akachomoa soketi za nozeli zinazopuliza petroli ili isimwagike, akaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna mahali inakwama. Ilizunguka laini. Ndipo akarudisha betri na kuniambia nitoe ufunguo kwenye pochi. "Sogea pembeni, dada." Akapiga stata kwa sekunde mbili. Matundu matatu yalitoa pumzi tu. La pili likatema maji, mrusho mwembamba uliofika mpaka kwenye taa, yapata kijiko kimoja. Mara ya pili likatoa ukungu. Mara ya tatu, pumzi.

Kijiko kimoja! Sijui vilivyokuwa vinasubiri pale mbele ya Mangi vilikuwa vingapi.

Akapima mgandamizo wa silinda zote. Alichokuwa anatafuta ni silinda moja kuwa chini kuliko wenzake, maana mkono uliopinda hauifikishi pistoni juu inavyotakiwa. Zilikaribiana. Akadondoshea oili kidogo kwenye kila tundu ili silinda zisishike kutu, tukaweka oili mpya, filta mpya ya oili na ya hewa, plagi zilezile zikarudi. Liliwaka kwa stata moja, likatoa moshi mweupe dakika chache, likatulia. Nilimpigia baba. Akasema, "Bado gia boksi."

Gia boksi ya otomatiki ina tundu la kupumulia, na ikizama ikiwa na joto inaweza kunywa maji kupitia hapo. Oili yake ni nyekundu ya kupenyeza mwanga. Ikiingiwa maji inageuka kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa, na hapo usiendeshe hata kwenda kuosha, sababu zile sahani za ndani zimegundishwa na maji huharibu gundi. Yangu ilikuwa nyekundu safi.

Breki hazikuwa na mjadala. Diski za mbele zilikuwa na kutu ya usiku mmoja, ikaisha kwa kukanyaga breki mara chache. Ngoma za nyuma zilipofunguliwa kulikuwa na mchanga mweusi wa kutosha kuotesha mchicha. Zikasafishwa. Akanikataza kuvuta hendibreki kwa siku mbili, nikiegesha niweke P na jiwe nyuma ya tairi, kwa sababu viatu vya breki vikilala vimelowa vinagandana na ngoma.

Sehemu iliyonitoa jasho ilikuwa ndani ya gari, na hiyo niliifanya mwenyewe nyumbani. Kapeti ukiigusa kwa juu unaweza kuapa imekauka. Chini yake kuna sponji nene, na sponji ile ndiyo inayohifadhi maji. Tulifungua viti, nati nne kila kimoja, tukainua kapeti, nikakamua. Ndoo moja na nusu, ya maji ya rangi ya chai. Kwenye sehemu ya tairi la akiba kulikuwa na kidimbwi kingine ambacho kisingeonekana mpaka uinue kapeti ya buti. Kuna vizibo vya mpira chini, ukivichomoa maji yanashuka yenyewe. Sikujua, nikayachota kwa kikombe.

Kukausha kapeti wakati wa masika ni mtihani. Niliianika ukutani siku nne, nikiianua kila wingu likipita, watoto wakifurahia kama mchezo. Hata hivyo gari lilibaki linanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nikalifukiza udi. Siku mbili likanuka harusi, ya tatu likanuka beseni na harusi kwa pamoja. Kilichosaidia ni kuiondoa ile sponji ya upande wa dereva nikaweka nyingine.

Fundi umeme alikuja nyumbani. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ilikuwa juu ya mstari wa maji, nikamshukuru Mungu. Soketi zilizo chini ya viti na kwenye kizingiti cha mlango alizifungua moja moja, akipuliza kwa draya yangu ya nywele aliyoikuta sebuleni, hewa ya vuguvugu, si ya moto. Mbili zilikuwa zimeanza kuota ukijani kwenye shaba, siku tano tu baada ya maji. Akazisugua, akapaka grisi ya umeme. Bima yangu ni ile ndogo ya kulipa madhara ya watu wengine, kwa hiyo huko sikuwa na safari.

Nikadhani nimemaliza. Wiki ya tatu, nikiwa Bagamoyo Road, nilisikia mvumo kutoka nyuma, unapanda na mwendo, kama ndege inayokaribia kupaa. Beringi ya nyuma kushoto. Maji yalikuwa yameingia taratibu na kuiharibu grisi. Wiki hiyohiyo honi ikabaki inatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua, nikaibadilisha, maana Dar bila honi ni sawa na kuendesha umefumba macho. Jumla yote, kuanzia vijana mpaka honi, ilifika laki nne na ushee.

Novemba vuli ilipoanza nilipitia tena kona ileile. Maji yalikuwa yamejaa, nikaliacha gari Mwenge nikapanda bajaji. Katikati ya maji bajaji ikazima. Dereva akainama kushika mpini wa kuwashia.

"Usiwashe!" nilipiga kelele.

Akanigeukia, akaniangalia, akauvuta. Ikawaka, ikatembea.